Nitie Sahihi Kwamba Nilimfundisha?

Bi Nasreen, nakusalimu kwa heshima, naomba unijibu kabla ya Jumatatu maana nina hasira na sijui nimmwagie nani. Nashona katika kiwanda cha nguo hapa Changamwe, mwaka wa tisa huu, na zamani mgeni akija alikula nasi mchana, tunatafuna mihogo huku anauliza na sisi tunamwonyesha, hivyo ndivyo tulivyojifunza sote, hakuna aliyewekwa darasani. Kisha akaja supavaiza mpya, Maxwell, akatugawa tule kwa zamu, akapiga marufuku mazungumzo kwenye laini ya mashine, na anayeuliza anaandikiwa barua ya onyo eti hajui kazi. Nami sikufichi, moyoni nilifurahi, kwa sababu msichana wa mwisho niliyemfundisha alipandishwa cheo mimi nikaachwa pale pale, basi nikawa nikirekebisha mashine yangu nawageuzia wageni mgongo wasione. Mwezi uliopita akaletwa mgeni, Mercyline, akakalishwa kando yangu, uzi ukikatika ananitazama tu, anaogopa kuuliza, nami najifanya sioni. Jumanne alitia kidole kunasua uzi bila kuzima mashine, sindano ikapenya ukucha ikatokea upande wa pili. Sasa Maxwell ameniletea karatasi nitie sahihi kwamba nilimfundisha akapuuza, ili afukuzwe bila fidia, na nikikataa kandarasi yangu ndiyo basi. Nina watoto watatu, Bi Nasreen, nifanyeje?

Mshonaji, Chaani

Mshonaji, pole, ila pole kubwa ni ya Mercyline. Huyo Maxwell amenipandisha hasira! Amewafunga watu midomo, halafu anataka ushahidi kwamba mlizungumza? Hana haya. Lakini wewe nawe usijifiche nyuma yake. Yeye alikataza maneno, mgongo uliugeuza mwenyewe. Aliyekunyima cheo ni kampuni, mbona ukamlipisha msichana asiyekujua?

Usitie sahihi, wallahi usithubutu. Andika barua yako: hakufundishwa, kuuliza kunaadhibiwa, na wewe ulimwona ukanyamaza. Ndiyo, na hilo uliandike. Peleka nakala kwa mwakilishi wa chama chenu cha wafanyakazi na nyingine ofisi ya leba ya serikali, leo, kabla hujaanza kuogopa upya. Kandarasi huenda ikapotea, sikudanganyi.

Kisha nenda kwa Mercyline. Usimpelekee matunda. Mwambie ulijua jinsi ya kunasua uzi na hukumwambia. Akikufukuza, ondoka, lakini nakala ya barua mwachie.