Kidole cha Mama

Wote, Jumanne

Ndugu yangu Kimanthi,

Ndengu zimechanua. Ningependa kukuandikia hayo tu.

Miaka kumi na minane nimewaandikia wazee wosia, nikiwafukuza ofisini watoto wenye tamaa. Jana nilimfukuza ndugu yangu.

Ulimleta Mama aweke kidole kwenye hati. Ulipotoka nje nilimwuliza, "Mama, hii ni karatasi ya nini?"

"Kimanthi amesema ni ya kutibiwa macho."

Kumbe ilikuwa ya kukupa shamba lote la Kabati! Ulidhani kwa kuwa mimi ni dada yako nitapiga muhuri tu?

Nimeirarua. Mama analia, lakini hataki nikushtaki. Njoo umwombe msamaha mwenyewe. Mimi sitakusemea.

Bado dada yako,
Nduku