Maharage Yaliyoombewa

Ndiyo, dada Sesilia, baridi ya Kasulu ni kali kama ulivyonionya, ila nina mume wangu Elia wa kunikumbatia, kwa hiyo naipenda. Jana jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu kwa mara ya kwanza. Akina mama walikuja kumpima mke wa Elia kwa chakula chake, nami nilitamani sana wanikubali. Wakanipa niongoze rozari. Tulipofika kwenye maombi, harufu ya maharage yanayoungua ikaingia sebuleni. Kiongozi hainuki katikati ya sala, dada, nikabaki nalengwa na machozi. Mama mwenyekiti, macho kayafumba, akaomba: "Tuwaombee maharusi wetu, ambao chungu chao kinaungua sasa hivi."

"Ee Bwana, utusikie," wakaitikia wote.

Elia wangu akainuka mbele ya baba yake mzazi, akaenda jikoni, akaepua chungu. Nikajua tumeaibika. Mama mwenyekiti akaendelea: "Tuwaombee na waume zetu, nao waijue njia ya jikoni."

Hapo akina mama waliitikia mpaka kuku wakatawanyika uani. Maharage waliyamaliza na moshi wake, wakaniita binti yao. Mbusu mama. Kabla mwezi haujaisha nakuja na Elia, akupikie.