Nani Aliandika "Siku za Mtama"

KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI YA MAKTABA, ILONGERO
Tarehe: 14 Juni 2025. Mahali: Ofisi ya Kijiji.
Waliohudhuria: Elisha Mughwai (Mwenyekiti), Mwl. Belinda Marko (Katibu), Fabiano Laurenti (Mjumbe), Bibi Martina Abraham (mwalikwa, shangazi wa Mwenyekiti).
Hakuhudhuria: Peniel Joeli (msiba, Iguguno).

KUMB. NA. 1/06/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:10 asubuhi, akataka kiwe kifupi kwa kuwa fundi wa kibao alikuwa anasubiri jina. Kikao kilichopita kiliamua maktaba iitwe Abraham Mughwai, babu wa Mwenyekiti, aliyechapisha "Siku za Mtama" mwaka 1952.

KUMB. NA. 2/06/2025: DAFTARI
Ndg. Fabiano alieleza kwamba ndani ya sanduku la vitabu lililotolewa na familia ya Mwenyekiti alikuta daftari lenye kitabu hicho kizima kwa mwandiko wa mkono, limeandikwa mbele: "Klara, 1950." Mwenyekiti alisema haiwezekani. Klara alikuwa bibi yake na hakujua kusoma. Hata kadi ya kliniki aliweka dole gumba. Alimtaka Ndg. Fabiano aache kutafuta sifa kwenye makaburi ya watu. Ndg. Fabiano alijibu kwamba sanduku halikutoka kwake.

KUMB. NA. 3/06/2025: MAELEZO YA BIBI MARTINA
Katibu ananukuu: "Mama alisoma misheni. Aliandika kila akitoka shamba. Baba akapeleka kuchapwa kwa jina lake. Kitabu kilipofika, mama akauliza, langu liko wapi? Baba akamwambia, mimi na wewe ni jina moja. Mama akasema hatashika kalamu tena. Akawa anaweka dole, miaka arobaini na moja, mpaka tulipomzika."

Mwenyekiti aliuliza: "Shangazi, mbona hukusema siku zote?"

Alijibu: "Nani aliniuliza, Elisha?"

Mwenyekiti alitoka nje na kikao kilisimama dakika ishirini.

KUMB. NA. 4/06/2025: JINA LA MAKTABA
Mwenyekiti aliporudi hakuketi. Ndg. Fabiano alishauri yaandikwe majina yote mawili ili familia isigawanyike. Mwenyekiti alikataa, akasema babu amekaa juu ya kitabu hicho vya kutosha.
Azimio: Maktaba iitwe Klara Simeoni, kwa jina la baba yake mzazi. Wote waliafiki.

KUMB. NA. 5/06/2025: MENGINEYO
Bibi Martina alisema yeye hakufundishwa kusoma, mama yake alikataa kabisa. Aliomba asomewe daftari hilo kidogo. Katibu alianza ukurasa wa kwanza. Bibi Martina alimsimamisha: "Polepole, mwalimu. Mama hakuwa anaongea haraka hivyo."

Katibu alianza upya. Saa 6:35 mchana, wakiwa ukurasa wa tisa, Mwenyekiti alitamka kuwa kikao kimefungwa. Hakuna aliyeondoka.

E. Mughwai, Mwenyekiti ................
B. Marko, Katibu ................