Sifuri Niliyompa Hodan

Jumatatu, 13 Oktoba

Neli thelathini na mbili zimeoshwa. Mbili zina nyufa. Joto la maabara linatosha kuoka mkate.

Zoezi la leo: kloridi ya zinki. Unaiyeyusha katika maji, unaongeza nitrati ya bariamu, hakuna kinachotokea. Mashapo meupe yakitokea, basi kuna salfeti. Hapa haipo. Wasichana thelathini na mmoja wameandika hivyo. Hodan peke yake ameandika: mashapo meupe, hayayeyuki hata kwa asidi.

Nimempa sifuri. Nimeisoma karatasi yake mbele ya wote, kwa ile sauti ya kejeli ninayowawekea wanasiasa katika makala zangu gazetini.

"Lakini macallin, mwalimu wangu, ulisema tuandike tunachoona. Mimi nimeona," akasema Hodan.

"Wallahi huyu anaona majini ndani ya neli!" akadakia mwenzake. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka.

Ametoka Buna, anakaa Iftin, hapa mjini, kwa habaryar wake, dada wa mama yake. Anataka uuguzi. Akianguka Kemia, chuo hakuna. Ndiyo maana nimekuwa mkali. Najiambia hivyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Karatasi yake imenisumbua kutwa. Saa nane mchana, maabara tupu, nimekinga maji ya bomba, hayo tu, nikatia bariamu. Weupe. Kama maziwa ya ngamia yaliyozidishwa maji. Nikatia asidi. Weupe ukabaki.

Salfeti iko kwenye kisima kinacholisha bomba letu. Maji haya haya ya chumvi tunayokunywa tukikunja uso. Nimeyanywa miaka kumi na tisa na sikufikiri.

Hodan aliona. Wale thelathini na mmoja waliona pia, wakaandika ninachotaka. Mimi, ninayewatukana magazetini wanaopika takwimu, nimelea wapishi darasa zima.

Lazima nimwombe radhi. Kesho, mbele ya wote.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sijamwomba.

Maji yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi hata chembe, yalikwisha muhula wa kwanza. Nimemwambia mkuu wa shule kwamba mtihani wa taifa wa vitendo hauwezi kufanywa kwa maji ya kisima. "Si uandike makala, mwalimu?" akanijibu. Nimegonga meza yake. Mkono bado unauma.

Harun, fundi wa maabara, ndiye aliyewaza: kiyoyozi. Yale matone ni unyevu wa hewa, hayajagusa ardhi. Shule haina hata kimoja. Ofisi ya serikali ng'ambo ya barabara inavyo sita. Ndiyo ile niliyoandika kuihusu gazetini mwaka jana kwamba haijawahi kumtolea mwananchi hata tone la jasho.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimesimama na jerikeni chini ya dirisha la Bwana Dahir, mkubwa wa ofisi hiyo. Tone. Tone. Akatoka, karani nyuma yake.

"Waryaa, ustadh! Leo umekuja kukinga jasho letu?"

Karani akashika tumbo kwa kicheko.

"Naomba maji ya wanafunzi wangu, mzee."

"Rudia, sijasikia."

Nimerudia. Ameruhusu. Namchukia. Namchukia zaidi kwa sababu ana haki ya kucheka.

Bariamu, kisha asidi. Maji yamebaki angavu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Jerikeni mbili tu. Nimezifungia kabatini kwa siku ya mtihani. Mazoezi yanaendelea kwa maji ya kisima.

Hodan hanyooshi mkono tena. Dahir nimemwomba mara mbili. Msichana wa miaka kumi na tisa siwezi. Nitamwambia baada ya mtihani, nisimvuruge sasa. Sababu safi. Ni woga mtupu.

Jumanne, 11 Novemba

Mtihani. Kila kitu nimekitayarisha kwa maji ya kiyoyozi. Kisha wasimamizi wakanitoa nje.

Chumvi waliyopewa kupima leo ilikuwa na salfeti ya kweli. Mashapo meupe, mazito. Ndilo lilikuwa jibu.

Walipotoka, Hodan akanijia akitabasamu, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Macallin, yale meupe yamekuja tena! Lakini leo sikudanganyika. Nimeandika hakuna."

"Na wenzako?"

"Wameandika yapo. Nimewahurumia."

Nikarudi maabara kuosha neli. Ni nani aliyemfundisha kutoamini macho yake? Mimi.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimeenda Iftin alasiri. Nimemweleza yote mbele ya habaryar wake. Kisima, ile sifuri, siku nilizonyamaza. Habaryar alikuwa akikunja nguo za Hodan. Kesho msichana anarudi Buna kungoja matokeo.

Hodan ameuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo siku ile niliona kweli?"

Nikasema ndiyo.

Akaenda jikoni, akaniletea chai. Ilikuwa na ile chumvi ya kisima. Nimeinywa yote.