Njiwa Kumi na Sita na Mlango Alioufunga Ashura

Mpendwa mshauri Bi Mwamvita, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi mama mkwe wangu anatoka Kisarawe kuja kumchukua mke wangu akatibiwe ugonjwa ambao hana, na anayejua kwamba hana ni mimi peke yangu.

Naitwa Mudathir, naishi Mbwawa hapa Kibaha, nafanya kazi ya mashine katika kiwanda kimoja kule Zegereni, na mke wangu Ashura ni fundi cherehani, anashonea nyumbani. Mimi na kaka yake, shemeji Hashiru wa Kisarawe, tunafuga njiwa wa mashindano, banda liko kwangu ila alilijenga yeye kwa mikono yake, na mwaka huu tulikuwa na makinda ishirini na watatu tuliokuwa tunawaandaa kwa mbio za kutoka Dodoma. Kinda wa mbio hapelekwi haraka, anazoea kwanza paa la kwao, kisha mlio wa kopo la mtama, kisha unamchukua na njaa yake kidogo hadi kituo cha Kwa Mathias unamwachia arudi mwenyewe, baada ya hapo unasogea mbele kidogo kidogo, na sisi tulikuwa tumefika Mlandizi. Shemeji alisema baada ya Mlandizi ni Chalinze, na Chalinze mara tatu, ndipo tufikirie Morogoro.

Mimi subira hiyo ilinishinda. Katika kundi letu la wafugaji kwenye simu yuko mtu anaitwa Lusajo, alituma picha ya makinda wake waliorudi kutoka Morogoro, wote, na chini yake akaandika kwamba wale wa Mbwawa bado wananyonya, watu wakacheka, na kicheko kile kikanikaa kifuani siku mbili nzima, hata chakula sikioni kitamu. Ijumaa jioni Ashura aliwalisha njiwa akafunga banda, na Jumamosi alfajiri akaenda Kisarawe kwenye hitima ya shangazi yake. Alipoondoka tu nikawatia wote kwenye matenga mawili nikaenda nao Morogoro, nikipanga kwamba nikirudi nikiwakuta wametimia nitampigia shemeji nimwambie wamekomaa, aache uoga.

Morogoro nilikuta wingu limelalia milima. Nikasubiri kidogo, nikaona muda unakwenda, nikafungua. Walizunguka juu yangu mara nyingi kuliko kawaida, kisha kundi likakatika, wengine wakaelekea mlimani kabisa, na mimi mtu mzima nikawa napiga kopo la mtama barabarani kama mwendawazimu. Niliporudi Mbwawa nilikuta saba juu ya paa. Nikasimama uani mpaka alasiri inakwisha na hakuongezeka hata mmoja.

Bi Mwamvita, sasa nakwambia lile ambalo sijamwambia mtu. Nilichukua manyoya yaliyofagiliwa bandani, nikayatawanya mlangoni, nikampigia shemeji nikamwambia kwamba asubuhi nimeamka nikakuta kicheche ameingia. Akaniuliza amepita wapi, maana banda lile analijua ubao kwa ubao, na mimi nikasema, "Ashura alisahau kufunga mlango." Sikuwa nimepanga kumtaja, jina lilitoka tu, na lilipotoka sikulirudisha.

Ashura aliporudi kesho yake alisimama mbele ya banda muda mrefu. Alisema anakumbuka kushika komeo, ila alikuwa na haraka ya kujiandaa na safari, labda hakulisukuma mpaka mwisho. Ningeweza kusema pale pale, nikanyamaza. Shemeji akaja, akamfokea dada yake mbele yangu, akamnyang'anya ufunguo wa banda, na Ashura akamwomba radhi, halafu akanigeukia akaniomba radhi na mimi.

Tangu siku hiyo mke wangu hajiamini. Akitoka anarudi kutazama jiko, akifunga mlango wa nyumba ananiita nije nione kama kweli amefunga, na wiki iliyopita aliwarudishia wateja wawili vitambaa vyao akisema anaogopa kuvipoteza. Mama yake amesikia kwamba binti yake anasahausahau, ndiyo maana anakuja.

Na njiwa wanarudi. Wa kwanza alirudi baada ya siku nne, amekonda, manyoya ya mkia yamekatika, nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, na hapo hapo nikamtia kwenye begi nikampeleka Zegereni kwa Brighton, mlinzi wa kiwandani kwetu, ambaye anafuga kuku nyuma ya chumba chake. Wa pili nikamfanya vivyo hivyo. Siku hizi natazama juu hata nikiwa kwenye mashine, juzi nusura nikatwe vidole, nikiswali nasikia mabawa, nawaombea warudi na hapo hapo naomba wasirudi. Jumapili iliyopita akaja wa tatu, yule mwenye manyoya mawili meupe kwenye bawa la kushoto, ambaye Ashura alimpa jina la Mwalimu kwa kuwa wenzake walikuwa wanamfuata, akatua uani karibu na cherehani. Ashura akamtazama, akaniuliza, "Huyu si Mwalimu?" Nikamwambia siye, ni njiwa wa watu kapotea. Akasema taratibu, "Labda nimekosea. Siku hizi nakosea sana," akainuka akaenda kuosha vyombo.

Brighton, ambaye sasa anao wote watatu, anasema niwachinje mambo yaishe. Mimi nafikiria niseme waliponyoka kwa kicheche siku ile, wakatangatanga, na sasa wanarudi, hapo shemeji atafurahi na hakuna atakayeumia. Nishauri, nifanye lipi kati ya hayo mawili?

Mudathir, Mbwawa

JIBU LA BI MWAMVITA

Marahaba, Mudathir. Usifanye lolote kati ya hayo mawili.

La kwanza linawamaliza njiwa, la pili linamfurahisha shemeji. Ashura yuko wapi hapo? Ukisema njiwa walimponyoka kicheche, watarudi bandani kweli, lakini mlango utabaki umeachwa wazi na mkeo, na Jumamosi atapanda gari kwenda kutibiwa uongo wako.

Kupoteza njiwa si kosa la kumfanya mtu afiche uso. Kila mfugaji aliyewahi kufungua tenga kuna siku amehesabu akakuta pungufu, na maneno ya Lusajo yangemchoma yeyote. Nakuonea huruma kwa wale kumi na sita, na nakuonea huruma kwa jina lililokutoka kabla hujalifikiria. Kwa yaliyofuata sikuonei. Wiki zote hizo unamwona mwanamke mwenye akili timamu anaanza kuishuku mikono yake mwenyewe, anakuita uje umkagulie mlango, nawe unakwenda kukagua! Na alipomtambua Mwalimu, akiwa sahihi kwa asilimia mia, ukamwambia amekosea. Hilo la Jumapili ni baya kuliko la kwanza, maana la kwanza lilikutoka kwa woga, hili ulilichagua.

Sasa nisikilize. Usingoje Jumamosi. Leo ukitoka kazini mkalishe mkeo chini, na neno la kwanza liwe hili: "Banda ulilifunga." Usianze na Lusajo wala wingu la Morogoro. Ukishamwambia yote, nyamaza, na usimwombe msamaha papo hapo, maana ukimwomba utamlazimisha akutulize wewe, na zamu ya kutulizwa ni yake. Akilia, akae alie. Akitaka kwenda kwao, mfungashie.

Kisha mpigie Hashiru, Ashura akiwa amekaa hapo anasikia. Alifokewa mbele yako, basi na asafishwe mbele yake. Mama mkwe usimtumie ujumbe wa simu, panda gari uende Kisarawe ukamwambie kwa mdomo wako, na wateja wale wawili uwafuate ukawaambie fundi wao hana tatizo lolote.

Njiwa watoe kwa Brighton leo hii. Viumbe wale wametafuta njia ya nyumbani peke yao, umewadaka mlangoni. Wape maji, mtama na choroko, wapumzike, na habari ya Dodoma mwaka huu uisahau. Wengine wakirudi, warudi mchana kweupe, kila mtu awaone.

Jibu hili nilimsomea Mudathir kwa simu Jumatano, kwa sababu gazeti lingemfikia akiwa amechelewa. Ijumaa ya wiki iliyofuata akanipigia. Alisema Ashura alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kitu kimoja tu, kama komeo lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho, na alipojibiwa ndiyo akamtaka arudie. Baadaye akaingia ndani akakaa peke yake. Hashiru alikuja siku ya pili, akamwomba dada yake radhi, akabeba njiwa wake bila kumpa shemeji yake mkono. Mama hakuja tena kumchukua mtu, Ashura ndiye aliyekwenda kwake, kwa siku tatu, na aliporudi alileta vitambaa vya wateja wawili wa Kisarawe. Majina haya pia ni yeye aliyetaka yachapishwe kama yalivyo.

Mudathir hana uhakika kama amesamehewa. Mkewe hajamwambia hivyo. Amemwambia hili tu: "Makinda wajao nitawaandaa mimi. Wewe utabeba matenga." Basi akaniuliza kama hiyo ni haki kwa mwanamume aliyefuga njiwa miaka tisa.

Beba matenga, Mudathir.