Nimeshuhudia Binti Yangu Anakuja, Mwenyewe Hajui

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, naandika kwa mkono wangu mwenyewe ingawa shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka nivumilie, na miwani yangu nayo imeshachoka.

Nina binti, mshauri, na sisemi kwa sababu ni wangu, lakini binti kama yule kanisani kwetu hayupo mwingine, ni mpima macho katika mji wa mbali, waheshimiwa wanavua miwani mbele yake na kusomeshwa herufi za ukutani kama watoto wa chekechea, na mimi wapendwa wote wananiita Mama Mpima Macho, hata mchungaji, hata kwenye matangazo. Miwani hii alinitumia yeye kwa basi, imefungwa ndani ya soksi mpya. Sasa haionyeshi vizuri, Jumapili moja nilisoma neno mbele ya watu nikaruka mstari mzima nikawapeleka wenye haki motoni, lakini kupimwa na mtu mwingine sitaki, namngoja yeye. Kila ibada naweka mkoba wangu kwenye kiti cha pembeni yangu, safu ya tatu, na shemasi wa mlangoni akija kuniomba nafasi ya mgeni namwambia mwenyewe yuko njiani. Miaka miwili yuko njiani.

Kosa langu ni hili. Kwetu tunashuhudia kwa imani, yaani unashukuru kwa muujiza kabla haujafika, ili ukifika ukute umeshapokelewa. Mwezi uliopita mama mmoja wa safu ya mbele alishuhudia kwamba mwanawe amerudi nyumbani, akapigiwa vigelegele, kijana mwenyewe kaketi pale na shati jipya anakwangua kucha, na mimi sijui nilinyanyuliwa na nini, nikajikuta nimeshika kipaza sauti nasema Bwana asifiwe, binti yangu mpima macho anakuja Jumapili ya jubilei ya kwaya na ubeti wa pili ataimba peke yake. Basi mwalimu wa kwaya ameshamweka kwenye ratiba, mama mchungaji ameshona joho kwa kunipima mimi na kupunguza kiunoni, mchungaji ametangaza mara tatu. Mwenyewe hajui hata kidogo. Nikimpigia nikamuuliza atakuja lini anasema ataona, halafu ananiuliza kama nimekula.

Alipokuja mara ya mwisho nilimpeleka mbele nikamwomba mchungaji amwombee mume, kanisa zima likanyoosha mikono, na mimi kwa kuyasaidia maombi nikawaita vijana wetu watatu wasiooa wasogee karibu. Nilifikiri namfanyia jambo jema. Kesho yake asubuhi alikunja shuka kama mgeni wa hoteli, akaniambia mlangoni, "Mama, nilikuja kukuona wewe." Nikamjibu si umeniona, nilikuwa pale pale mbele na gauni langu la kijani. Akacheka kidogo, akaondoka. Kicheko kile bado nakisikia nikiosha vyombo.

Zimebaki wiki tatu. Wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema nimpigie nimwambie naumwa sana, akishafika ndipo ajue ni jubilei, kwani macho si ni mabovu kweli. Niseme hivyo?

Mama Mpima Macho

*

Usiseme hivyo, mama. Ukimwita kwa ugonjwa wa uongo atakuja mbio, na siku utakayoumwa kweli atasema ataona.

Pole, maana kukilinda kiti kwa miaka miwili si mchezo. Lakini acha nikugombeze kidogo. Binti yako hakulikimbia kanisa, wala wewe hakukukimbia. Alikaa kwenye basi siku nzima aje kumwona mama yake, akamkuta mama yuko kazini, anamtangaza. Alikuambia mlangoni kwa maneno manne, nawe ukamjibu habari za gauni. Muujiza unaweza kuushukuru mapema ukitaka. Mtu unamuuliza kwanza.

Jumapili hii hii simama, useme uliahidi kwa niaba ya mtu ambaye hukumuuliza. Watanong'ona mpaka kwenye chai ya baada ya ibada, kisha watahamia kwa mwingine. Joho mama mchungaji alifungue kiuno ulivae wewe, si ulipimwa wewe? Na ubeti wa pili uimbe.

Halafu mpigie. Usimuulize anakuja lini. Mwambie, "Mwanangu, siku ile niliwaonyesha watu wewe, mimi mwenyewe sikukuona. Nisamehe." Ukishasema hivyo nyamaza, hata kama ulimi unakuwasha. Akikuuliza habari za macho mpe ukweli, kwamba uliwatia wenye haki motoni. Mwambie siku akiweza aje Jumanne, siku isiyo na ibada, wala mazoezi ya kwaya, wala kikundi cha maombi. Asipoweza hii, ziko Jumanne nyingine.

Mkoba uweke miguuni, mgeni wa watu akae. Na siku binti atakapokuketisha kwenye kiti cha jikoni, akakuziba jicho moja kwa kiganja na kukuuliza unaona nini, usikimbilie kujibu, zisome herufi zako polepole. Jumapili itakayofuata, kipaza sauti kikikufikia, mpitishie jirani.