Barua Niliyojiandikia

Jumatatu, 4 Novemba

Fomu imekaribia kukamilika! Uzamivu wa sayansi za tiba, chuo cha ng'ambo, na ufadhili juu. Dirisha linafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ufadhili ni kwa wasiozidi miaka thelathini, na mimi Januari natimiza thelathini na moja. Kwa hiyo ni sasa au basi.

Imebaki barua moja tu ya mapendekezo, ya Mwalimu Amphai, mkuu wa maabara yetu. Nimemwendea mchana na mfuko wa machungwa. Hakuinua hata macho. Kasema niiandike mwenyewe, yeye atatia sahihi. Ndivyo inavyofanyika hapa, wote walionitangulia walijiandikia. Nikaitikia kana kwamba ni kazi ndogo. Kazi ndogo!

Jumanne, 5 Novemba

Tangu asubuhi mistari minne. Nijisifu vipi kwa jina la Mwalimu? Kila neno zuri naona kama nimemwibia kalamu. Mwishowe: "Kung ni mfanyakazi wa kawaida mwenye kujitahidi." Nikaona inafaa, ina adabu.

Halafu lile la mwaka juzi. Sampuli mia mbili za kinyesi kutoka kijiji cha mtoni, zote zimeandikwa "safi". Nilizirudia kwenye darubini siku zangu za mapumziko, mpaka macho yakatoa machozi. Kumi na saba zilikuwa na mayai ya minyoo ya ini. Watu kumi na saba wakapata dawa. Kwenye barua nimeandika: "Kikundi chetu kilirudia sampuli, naye alisaidia."

Mama kapiga simu. Kauliza kama bado nachungulia mavi ya watu. Nikamwambia naomba kusoma zaidi. Kacheka — "Yaani sasa unataka na digrii ya kuchungulia?" Kisha akasema Baba angefurahi. Minyoo hiyo huja na samaki mbichi. Baba alikula samaki mbichi wa pilipili maisha yake yote, ini likamuua. Kaka yake alikula naye sahani moja, na mpaka leo yuko hai, analima mpunga. Kwa nini huyu na si yule? Nataka kujua. Nataka mpaka inauma.

Jumatano, 6 Novemba

Asubuhi nimemwachia Mwalimu barua mezani. Basi.

Si basi! Dada Ratri, tunayekaa naye darubini jirani, kaiona kwenye kompyuta yangu. Kasoma mpaka mwisho, kisha:

"Kung, umegombana na nani? Barua hii ni ya kumkatalia mtu!"

Nikamwambia ndiyo adabu.

"Adabu ya kwetu, mdogo wangu. Huko ng'ambo nani anaijua? Ukiwaambia wewe ni wa kawaida, wataamini hivyo hivyo."

Nikakimbia kuichukua. Mlango umefungwa. Karani kasema Mwalimu kaenda vijijini mpaka Ijumaa, barua yangu iko mkobani mwake.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimwandikie nini? "Nirudishie nikajisifu zaidi"? Nimeandika ujumbe mara sita, nimefuta mara sita. Saa tisa nikautuma: barua ina makosa, naomba niirekebishe. Hajajibu. Basi asijibu. Kesho nitamsubiri mlangoni, liwalo na liwe.

Ijumaa, 8 Novemba

Saa mbili asubuhi niko mlangoni. Saa nane mchana ndipo kafika, viatu vimejaa tope, boksi la sampuli mkononi. Nikaunganisha viganja, nikainamisha kichwa, nikaanza samahani. Kanikatiza. Kaitoa barua. Haina sahihi!

"Huyu uliyemwandika humu simjui," kasema. "Na simpendekezi mtu nisiyemjua."

Nikasema sikutaka kujikweza mbele yake.

"Kwa hiyo ukaona afadhali mimi niseme uongo? Jina lililo chini hapa ni la nani?"

Nilitamani ardhi inimeze. Sikuwahi kufikiria hivyo hata mara moja. Aibu ikanichoma mpaka masikioni.

"Wale kumi na saba, nani aliwaona?"

Nikasema kikundi. Kauliza tena, nani.

Nikasema mimi.

"Sema tena, mwanangu, masikio yangu yamezeeka."

"Mimi, Mwalimu."

"Basi andika. Sitoki humu mpaka umalize."

Saa tisa na dakika kumi. Niko kwenye kiti chake — kiti chake! — mbele ya kompyuta yake. Naandika humu daftarini kidogo kabla sijaendelea. Yeye yuko dirishani anakula wali wa kunata kwa mkono, kanipa mgongo. Nimefika hapa: "Sampuli kumi na saba zilizotupita sote, mimi nikiwemo, aliziona Kung peke yake."

Nimefuta "peke yake".

Mwalimu, bila kugeuka, kauliza mbona nafuta.

Nimerudisha.